Pole, Pole, Upesi-Upesi, Pole

Nilipomwambia mama kwamba kikundi cha sanaa cha kiwanda kimenichukua kwa ajili ya tango, aliniuliza tangu lini kiwanda kile kimeanza kulima mboga. Sikumlaumu. Kwetu Uluguru tango lilikuwa la kula, na hata mimi la kucheza nilikuwa nimelisikia wiki ile ile.

Wenzangu walilipwa mshahara kwa kucheza ngoma za asili. Mimi nilikuwa wa majaribio, na jaribio lenyewe lilikuwa moja: tango la dakika nne, mbele ya kamati ya kiwanda. Likipendeza, naajiriwa. Lisipopendeza, narudi mlimani kwenye jembe. Jembe nililijua vizuri, ndiyo maana sikulitaka.

Mwenzangu jukwaani alikuwa mzee wa mtaa wa Mafiga, mtu wa dansi la zamani, goti lake la kushoto likiwa limechoka. Mjumbe mmoja wa kamati alimuuliza ngoma ya kigeni kama hiyo inajengaje taifa. Mzee akajibu kwamba inachezwa na watu wawili na hakuna anayeiweza peke yake, na kama huo si ujamaa basi yeye haujui ujamaa. Wakatupa nafasi moja.

Kila asubuhi tulifagia ukumbi, tukachora mistari ya chaki sakafuni, tukakwangua soli za viatu kwa kisu ili zisiteleze. Kisha namwamkia shikamoo, na baada ya shikamoo inanibidi nimshike bega mtu wa umri wa baba yangu. Siku ya kwanza nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akaniambia nitulie: katika tango humtazami mwenzako usoni, unatazama pembeni, kwa hiyo ni ngoma ya watu wenye adabu.

Miguu yangu ilirukaruka badala ya kutembea. Akaniuliza kwetu tunateremshaje ndizi mpaka sokoni. Nikamwambia kichwani. Akasema basi niteremke na ndizi zangu, na wiki nzima nilicheza na beseni la maji kichwani, magoti yamelegea, shingo imetulia. Tulilowa sote wawili. Namshukuru mzee yule kwa mengi, na beseni ndilo la kwanza.

Kilichotutesa ni hesabu. Alihesabu hivi: pole, pole, upesi-upesi, pole. "Polepole" nzima ilikuwa ndefu mno kwa hatua moja, akaikata. Sasa mtu aliyelelewa vizuri akiambiwa pole, anajibu asante, nami mama yangu alinilea vizuri. Mzee akisema pole, mdomo unajibu asante kabla sijauzuia, na kila asante inanichelewesha nusu hatua. Mpiga gitaa wetu alicheka mpaka akaweka gitaa chini. Mzee alivumilia siku nne, ya tano akachoka.

"Hujafiwa, binti," akasema. "Funga mdomo, utembee."

Nikaufunga. Wiki ya sita, neno lile lilikuwa limehama kabisa kutoka masikioni likahamia miguuni. Jirani yangu wa Mwembesongo aliponiambia pole na kazi, nilirudisha mguu wa kulia nyuma, akabaki kunishangaa.

Onyesho lilikuwa alasiri. Gauni langu lilishonwa kwa kitambaa cha mapazia, maana kingine hakikupatikana madukani. Ukumbi ulijaa wafanyakazi, kamati ikakaa mstari wa mbele, yule mjumbe wa kujenga taifa amekunja mikono. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha mzee akainama kwenye hatua moja ndefu, na goti likakataa. Uzito wake wote ukaniangukia mkononi. Niliogopa sana, kwa ajili yake kwanza, halafu kwa ajili yangu. Lakini mzigo ni mzigo. Nikalegeza magoti, nikatuliza shingo, nikambeba. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kunisikiliza, ukamnong'oneza.

"Pole, baba."

Mguu wake ukaenda. Nilisema kwa kumhurumia tu, ila mguu wake ulisikia hesabu. Nikarudia, safari hii kwa makusudi: pole, upesi-upesi, pole. Akafuata. Nilimhesabia mpaka gitaa liliponyamaza, na watu wakashangilia wakidhani ule mwinamo mrefu ndio mtindo wenyewe. Mjumbe wetu alikuwa amesimama anapiga makofi. Nikajua kwamba silimi tena.

Nyuma ya pazia mzee alikaa juu ya sanduku la vyombo vya muziki, amelishika goti. Mimi nilisimama mbele yake. Akainua kichwa akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi.

"Asante," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anaijibu ile pole.