Siku Walipompigia Mzee wa Duka

Fomu ya maombi ilitaka wadhamini watatu, watu wanaokufahamu na wanaoweza kueleza tabia yako kazini. Nilimwandika mwalimu wangu wa chuo, nikamwandika mchungaji wa kwetu Ikungi, na juu yao, nafasi ya kwanza kabisa, nikamwandika mzee wa duka. Hao wawili walikuwa wa kujaza nafasi. Aliyenijua kazini alikuwa mzee peke yake.

Alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Singida mjini. Duka la vifaa vya ujenzi alilirithi kwa baba yake. Niliingia pale baada ya kumaliza kidato cha nne, nikiwa sijui tofauti ya bawaba na komeo, nikakaa miaka sita. Wakati mzee anafika kufungua, mimi nimeshafagia kibaraza. Jumapili moja ya masika, nikiwa natoka kanisani, mvua ilishuka kwa nguvu nikakumbuka kwamba mlango wa nyuma wa stoo unapitisha maji. Nilikimbia na gauni langu la kanisani, nikaita wabeba mizigo wawili waliokuwa wamejikinga mvua stendi, tukausukuma mlango ule mbovu, tukainua saruji yote juu ya mbao. Mzee alipofika alitukuta tumelowa chapachapa. Hakunisifu. Alisema tu, "Binti, nenda nyumbani ukabadilishe nguo, utaugua." Lakini tangu siku ile ufunguo wa stoo ulikaa kwangu.

Nilipoaga kwenda Dodoma kusomea stashahada ya uhasibu, aliniambia nikimaliza nimwandike yeye kuwa mdhamini. "Wakinipigia nitawaambia," alisema. "Nitawaambia yote."

Nilimaliza, nikarudi kwa mama yangu Ikungi, nikaanza kutuma maombi. Nilituma mengi. Mwaka ulikuwa unakaribia kukatika nilipoitwa na kampuni moja ya Singida mjini inayokopesha wakulima, nafasi ya msaidizi wa afisa mikopo. Dada yangu aliniazima sketi na viatu. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi, mimi saa moja nilishafika getini, nikitaka waone kwamba ni mtu wa kuwahi. Mlinzi ndiye aliyeona.

Ndani kulikuwa na wasaili watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alisoma karatasi yangu, akavua miwani.

"Umeandika wewe ni mchapakazi," alisema. "Wote waliotoka humu kabla yako wameandika hivyo hivyo. Sisi tutajuaje?"

Nikaeleza habari za duka na ile Jumapili ya mvua. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana kama mtu anayejisifia. Kijana mmoja kati ya wale wasaili alitabasamu. "Hiyo ni saruji, dada. Huku ni mambo ya fedha."

"Mwache," yule mama alisema. "Kazi ni kazi. Huyu mzee anapatikana?"

"Anapatikana, mama. Yeye ndiye ananijua vizuri."

Alipiga pale pale, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, hatukusikia neno, tulisikia pumzi tu.

"Shikamoo mzee. Naongea kutoka ofisi ya mikopo hapa mjini. Tunaomba kukuuliza kuhusu binti aliyewahi kufanya kazi dukani kwako." Akanitaja jina.

Mzee aliposikia jina langu akaanza kusema. Alisema haraka, kwa Kihindi, maneno yakigongana na mengine yakikatikia njiani. Sauti ilikuwa yake na haikuwa yake. Alipandisha sauti, akakwama, akarudia neno moja mara nyingi, kisha akawa kama anapiga kelele. Yule mama alijaribu tena, "Mzee, kwa Kiswahili tafadhali," na kelele ikazidi, mpaka simu ikakatika.

Wote watatu waliniangalia.

"Anasema nini?"

"Sijui, mama."

"Miaka sita, na hujui anasema nini?"

"Dukani tulikuwa tunaongea Kiswahili."

"Mbona kama amekasirika?" kijana aliuliza. "Mliachana kwa ubaya?"

Nilisema hapana. Nikasema tena hapana. Sikujua mzee amepatwa na nini, na hata jana yake sikumpigia kumjulia hali, nilikuwa nashughulika na sketi. Yule mama alinionea huruma, akasema nilete barua ya dukani kabla ya Ijumaa.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mzee, viatu vya dada vikinibana. Mkewe alinifungulia mlango.

"Hukuambiwa?" aliuliza. "Kiharusi. Wiki ya tatu sasa."

Mzee alikuwa ameketi kitandani ameegemezwa mito, mdomo umevutwa upande mmoja, simu iko mapajani. Nilimwamkia. Alinikamata mkono kwa mkono wake mzima na akaanza kusema vile vile kama kwenye simu, akinitazama machoni. Nilitikisa kichwa kuitikia kama mtu anayeelewa.

"Kiswahili chote kimeondoka," mkewe alisema. "Kimebaki Kihindi, nacho kipande kipande."

"Asubuhi kwenye simu alisema nini, mama?"

"Nilikuwa jikoni. Nilisikia anasema fungua, fungua mlango. Anasema hivyo kila siku."

"Na sasa hivi?"

Alisikiliza. Mzee alikuwa bado anasema, jasho linamtoka. Mkewe akatikisa kichwa. "Hayo sijayaelewa."

Niliona aibu kuleta habari za barua mbele ya mgonjwa, lakini nilizileta. Mkewe alinielekeza dukani kwa mwanawe, aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kushika kazi. Alinipokea vizuri, akaniagizia soda.

"Dada, mimi sikuwepo," alisema. "Naamini ulifanya kazi vizuri. Lakini nikiandika kwamba nimeona, nitakuwa naongopa. Na wewe unaomba kazi ya fedha."

Alikuwa sahihi. Akaandika mistari miwili, kwamba niliwahi kuajiriwa hapo, akagonga muhuri.

Alhamisi niliipeleka. Yule mama aliisoma, akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii, mama."

"Mimi nakuamini," alisema polepole. "Lakini hapa tuko watatu, na wakubwa wetu wanataka karatasi."

Wiki iliyofuata nilipata ujumbe wa kushukuriwa na kutakiwa kila la heri.

Niliendelea kwenda kumwona mzee kila nilipokuja mjini. Kila mara alinishika mkono na kusema, na kila mara nilirudi bila kujua alichoniambia. Baadaye familia ilimhamishia Dar es Salaam kwa matibabu. Namba yake haipatikani.

Sasa nipo Shelui, kwenye mashine ya kukamua alizeti, napokea magunia ya wakulima na kuyapima. Nafika alfajiri, kabla ya wapakiaji. Mwenye mashine anaishi Singida mjini, anakuja mara moja kwa mwezi, saa sita mchana, anakaa nusu saa kwenye gari.

Majuzi nimeona tangazo jingine, benki mjini inatafuta makarani. Nikampigia mwalimu wangu wa chuo kumwomba nimwandike wa kwanza. Hakusita hata kidogo.

"Andika tu, usiwe na wasiwasi," alisema kwa uchangamfu. "Wakinipigia nitawaambia ulikuwa na bidii sana. Ila nikumbushe, wewe ni yupi? Ni yule mrefu aliyekuwa anakaa mbele?"

Mimi ni mfupi, na nilikuwa nakaa dirishani. Nilimwambia ndiyo, ni mimi.