Vita vya Nyumba kwa Nyumba

Mwandiko wangu ni mbaya, na herufi nyingine naziruka bila kujua. Niliishia darasa la sita, na barua moja hunichukua siku nzima. Nivumilieni.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo hapa kijijini Olumbi, mimi na rafiki yangu Sualehe tulipigana vita tangu mpunga unapandwa hadi unavunwa. Baba yake alikuwa kibarua mjini Palma, akamletea boksi la mchezo lililoachwa na wageni. Ndani mlikuwa na dadu, ubao wenye miraba, askari wa plastiki wekundu na wa kijani, kila rangi na mkuu wake, na kitabu kinene cha sheria, chote Kireno. Kireno chetu kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Tulisoma kwa kidole, neno kwa neno. Sheria ya kwanza ilisema askari husonga mbele "casa" kadiri ya dadu. Casa tuliijua, ni nyumba. Basi ukipata nne, unambeba askari wako nyumba nne mtaani, unapiga hodi, unaomba apewe mahali pa kukaa. Ubao tuliutumia kutupia dadu tu.

Kwangu hodi ilikuwa ngumu kuliko vita. Nilisimama uani nimemfumbata askari mkononi, sauti haitoki, mpaka mwenye nyumba aone kivuli changu. Lakini zamu ikifika imefika. Askari wangu mmoja alikaa dirishani kwa fundi cherehani, aliyemwita kamarada, yaani komredi, na kumvalisha kipande cha kitambaa. Mwingine alikaa juu ya mtungi wa Bi Zaituni, muuza vitumbua. Nilijua nyumba ipi inakaanga samaki, ipi inachoma korosho, ipi ina mbwa. Askari wawili wakikutana nyumba moja, tulitupa dadu mbele ya mwenye nyumba, na akishaamua yeye nani kashinda, basi. Siku moja Bi Zaituni aliniambia, "Mjukuu wangu, askari wako ana siku nne hapa, hata salamu hatoi. Kakufuata wewe." Kesho yake nilimwamkia kutoka barabarani, kwa sauti.

Tulikubaliana kwamba atakayemkamata mkuu wa mwenzake atachukua boksi. Nililitaka sana. Sikuwahi kuwa na kitu changu chenye mfuniko. Sualehe naye alikuwa anahamia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kwa dada yake kusoma sekondari, na alitaka aende nalo.

Dada alipokuja kumchukua, askari wangu alikuwa amebakiza nyumba tatu tu kufika barazani kwao, alikosimama mkuu mwekundu. Dada akakichukua kitabu, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. Akatuambia kwamba casa ni mraba wa kwenye ubao. Kwa sheria, vita vyetu vilikuwa havijaanza.

Sualehe angeweza kusema mchezo umeharibika, akaondoka na boksi lake. Akautazama ubao, kisha akanitazama mimi.

"Dada, hiyo ni casa ya wazungu," akasema. "Ya Olumbi ina mlango. Tupa, ndugu yangu."

Nikatupa. Ikaja mbili. Askari wangu akaishia kwa jirani yao, ukuta kwa ukuta na mkuu mwekundu. Asubuhi Sualehe akapanda gari. Boksi aliniachia, akanisihi nimtunzie mkuu wake na nisimkamate mpaka yeye mwenyewe arudi.

Siku hizi wadogo zangu wanamaliza vita kwenye simu kabla chai haijachemka. Wanaangamiza jeshi zima wamelala chali, na ukiwauliza nyumba ya tatu anakaa nani, wanakutolea macho. Sisi tulipigana msimu mzima, hakufa mtu, na kila nyumba ilitulisha. Baadaye vita vya kweli vilikuja, watu wakatawanyika, na palipokuwa na nyumba kadhaa leo ni nyasi. Waliorudi nawajua wote kwa majina, nao wananijua. Nikipita naitikiwa mlango baada ya mlango, na moyo wangu unatulia.

Sualehe anafanya kazi Pemba. Akipiga simu namkumbusha kwamba zamu ni yake, anasema bado anafikiria. Mimi sina haraka. Na wewe unayesoma, kama kuna mchezo mliouacha katikati wewe na mwenzako, niandikie. Uniambie ni zamu ya nani.