Bibi Harusi wa Ukurasa Wangu

Nimefungua studio za picha katika miji mingi kuliko ile niliyodumu. Nilianza Mbeya, nikiwa nimetoka kidato cha nne, kwenye chumba cha giza ambako tulisafisha filamu kwa kutingisha beseni na kunong'ona kana kwamba picha zingeshtuka. Baadaye Sumbawanga, kisha Vwawa, kisha Tunduma. Kila nilipohama nilibeba kamera, pazia la bluu na stuli moja. Mengine niliyaacha. Wakati ule kuacha kulikuwa rahisi. Unafunga mlango, mvua za msimu mmoja zinafuta jina lako kwenye ubao, na watu wanazoea kuwa haupo.

Vwawa ndiko nilikoanza kujiandikisha kwenye orodha za biashara za mtandaoni. Fundi simu jirani yangu alinionyesha. Mtu akitafuta mpiga picha anakutana na jina la studio, namba ya simu, ramani, kazi zako chache, na nyota walizokupa wateja. Haikuwa na malipo. Nilipohamia Tunduma, fremu yangu ilikuwa nyuma ya maduka ya vitenge, mahali ambapo mgeni hafiki bila kushikwa mkono, kwa hiyo nikajaza ukurasa mwingine. Ule wa Vwawa niliificha namba tu, watu wasinipigie huko, mengine nikayaacha yalivyo. Huu mpya niliuandikisha kwa laini ya Zambia. Sisi wa mpakani tunatembea na laini mbili mfukoni, na nilitaka watu wa Nakonde waone namba ya kwao.

Kurasa zote mbili niliziwekea picha ileile juu kabisa. Ilikuwa ya bibi harusi aliyefungia ndoa Mbozi Mission. Mvua ilikuwa imekatika wakati watu wanatoka kanisani. Nyumbani kwao alivua viatu, akakusanya shela kwa mkono mmoja, akaingia kati ya mistari ya mibuni ya baba yake, na tope lilipomgusa nyayo akacheka hadi akafumba macho. Sikumwelekeza chochote. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Kumwomba ruhusa ya kuitangaza hakukunijia akilini, wala sikumjua mpiga picha aliyekuwa akiomba.

Watu walikuja kwa ajili yake. "Nataka nitoke kama yule wa kwenye kahawa," waliniambia, hata mabinti wa Momba ambako hakuna kahawa. Wengi walizoea kunipigia kwenye laini yangu ya Tanzania, ile ya Zambia nikaacha kuiwekea vocha, ikafa. Sikuifikiria tena.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja aliyejifunga vitenge viwili kwa baridi. Alikaa kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye uliyempiga mwanangu picha kwenye mibuni?"

Nilifurahi. Uso ulikuwa uleule, umeongezwa miaka. "Ni mimi, mama! Hajambo huyo dada?"

"Alifariki," alisema. "Huu mwaka wa pili. Alikuwa anajifungua."

Akanipa simu aliyoazima kwa mwanawe wa kiume. Ulikuwa ukurasa wangu wa Tunduma.

"Soma hapo chini. Kwa sauti."

Nikasoma. Mteja mmoja alilalamika kwamba albamu yake ilichelewa. Mwingine alisifu. Wa tatu, mwanamume, alikuwa ameandika: *Huyo dada ameolewa? Naombeni namba yake.*

"Wanamtongoza marehemu," alisema. "Kanisani naambiwa, tumemwona binti yako kwenye simu, anatangaza picha. Mmoja aliniuliza wananilipa shilingi ngapi. Matanga tulishaanua, baba, lakini yeye bado anasimama dukani kwako. Mtoe apumzike."

"Namtoa sasa hivi, mama."

Nilijaribu mbele yake. Ukurasa ukasema umetuma tarakimu sita kwenye namba niliyojiandikisha nayo, nizijaze ndipo nifute. Namba yenyewe ni ile iliyokufa. Nikaipiga, na kwa mshangao wangu ikaita.

"Mulishani?" Sauti ya mwanamke ikinisalimu Kibemba, na nyuma yake kelele za soko.

"Shikamoo, mama. Kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Naomba unisomee."

"Iwe, kabwalala!" Kibemba cha kumwita mtu mwizi kila mtu wa Tunduma anakijua. Kisha akahamia Kiswahili cha soko la Nakonde. "Nisome namba ili unikombe kila kitu? Na ndio nyinyi mnaonisumbua, picha za harusi bei gani, picha za harusi bei gani! Mimi nauza dagaa!"

Akakata. Nilivyoomba ndivyo wanavyoomba matapeli, neno kwa neno. Mimi mwenyewe ningemtukana.

Mama alikuwa amesikia yote. "Yuko ng'ambo?"

"Nakonde. Laini yangu ilipokufa, kampuni ilimuuzia yeye."

"Mama yangu alikuwa Mnamwanga wa huko," alisema akinyanyuka. "Twende."

Tulivuka kwa miguu. Kwenye safu za dagaa hatukujua tumuulizie nani, nikapiga tena ile namba tukawa tunatazama wauzaji. Safu ya tatu mwanamke mmoja mnene aliyevaa masweta mawili alitoa simu, akaisoma, akafyonya.

"Ni huyo," alisema mama.

Alimwendea peke yake, akamsalimia Kinamwanga, na mimi nikabaki nyuma na aibu yangu. Kinamwanga changu kinaishia kwenye salamu. Niliona tu muuza dagaa akinitupia jicho, kisha akifuta mikono kwenye kitenge, kisha akiishika ile simu ya kuazima kwa mikono miwili.

"Kumbe ndiye huyu," alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Wanaume wanapiga, wanasema nipe yule mwenye shela. Nawajibu ni mimi, njooni, nina wajukuu wanne!" Akacheka, halafu akaziba mdomo. "Pole, bamayo. Pole sana, mama."

Nikaomba tarakimu upya. Alinisomea moja moja, akinitazama machoni kila baada ya moja, kama anayemhesabia mtoto mlafi vipande vya nyama. Nikajaza, nikafuta. Nikampa mama simu. Palipokuwa na mwanawe palibaki peupe.

"Ametoka?"

"Ametoka, mama."

"Kote?"

Nilikumbuka Vwawa. Nilikumbuka pia kwamba laini niliyojiandikishia kule niliitupa, na namba yake siijui. Yule muuza dagaa alikuwa anamfungia mama makopo mawili ya dagaa wa pole kwenye gazeti. Mama alikuwa ametabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kote," nikasema.

Wiki iliyofuata konda wa gari la Mlowo aliniletea mfuko wa maharage. "Mama wa Mbozi anakushukuru," alisema. Niliuweka chini ya pazia la bluu. Sikuweza kuyapika. Usiku na mchana niliufungua ukurasa wa Vwawa, na yeye alikuwa pale, amefumba macho, anacheka.

Nikaenda Vwawa. Fremu yangu ya zamani sasa ni saluni ya kike. Namba yangu nilikuwa nimeipiga rangi ukutani, kubwa, kando ya mlango, na mwenye saluni alikuwa amepaka pinki juu yake. Nilimweleza, nikaanza kukwangua kwa sarafu.

"Shemeji, hata kama ni kukumbuka ya zamani, usinimalizie ukuta," alisema, na wateja waliokuwa wakisukwa wakaangua kicheko.

Tarakimu zilitoka moja baada ya nyingine, nyeusi chini ya pinki. Nilipiga palepale. *Namba unayopiga haipatikani.* Nilipiga kesho yake, na keshokutwa. Haipatikani. Niliwaandikia wenye orodha, wakanijibu kwa barua isiyo na mtu ndani yake: tumia namba uliyojiandikishia.

Siku ya tisa nikaubeba mfuko wa maharage, nikapanda Mbozi.

Nilimkuta akianika kahawa. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiendelea kuchambua punje mbovu.

"Kwa hiyo ulijua. Pale Nakonde ulijua."

"Nilijua, mama."

"Wewe unahama," alisema, "na kila chumba unachohama unamwacha mwanangu ndani."

Akataka kumwona. Nikampa simu. Aliitazama picha muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza, akiwa peke yake nayo ingawa mimi nilikuwa hapo.

"Hapa chini, wanapoandika, mtu yeyote anaandika?"

"Yeyote."

"Basi niandikie. Andika: Huyu ni marehemu. Ana mama yake. Msimuulizie."

Niliandika kama alivyotamka. Nilipotuma, ukurasa ukagoma. Bila kuchagua nyota maoni hayapiti. Nikamwambia.

"Nyota za nini?"

"Za kusema mpiga picha alifanya kazi vizuri kiasi gani. Moja ni mbaya, tano ni nzuri kabisa."

Akairudia picha. Akamfuta mwanawe vumbi la kahawa kwa kidole gumba.

"Picha ni nzuri," alisema. "Weka moja."

Nikaweka moja, nikatuma.