Niliaga, Sikuondoka

Karatasi kubwa ikikunjuliwa ina kishindo chake. Si kama gazeti, si kama mfuko wa saruji. Inapasua hewa kama kwale anayetimka kichakani, halafu inalala sakafuni huku mikunjo yake ikijaribu kurudi ilikotoka. Mwezi uliopita nilikisikia kishindo hicho sebuleni kwangu hapa Kongowe, na mkono wangu uliokuwa unachambua mchele ukasimama wenyewe.

Walikuwa mjukuu wangu Rehema na mumewe. Wanataka kwenda Ufaransa, tena si mjini, vijijini. Watakodi gari waendeshe wenyewe siku kumi, kijiji hadi kijiji. Rehema alisema huko mabondeni simu hukosa mtandao, ndiyo maana kanunua ramani ya karatasi. Sikuwa na neno. Nguvu zao, safari yao. Lakini alipoinua uso akakuta nimemkodolea macho, akacheka.

"Usijali Bibi, na wewe tutakupakia. Utakaa nyuma."

"Kunja karatasi yako," nikamwambia.

"Jamani Bibi, si natania tu?"

"Ndiyo hilo hilo. Kunja, uitoe nyumbani kwangu."

Wakatazamana. Najua walichosemezana walipofika nje, kwamba bibi uzee umeshamwingia. Umeniingia miguuni, kichwani bado. Kilichonishika ni hasira, na hasira hiyo ina umri mkubwa kuliko mama yake Rehema. Ninyi nitawaambia, maana ninyi hamwezi kunikatiza.

Nilizaliwa upande wa Kisarawe, vilimani, nyumba ya udongo yenye mikorosho mbele na nyuma. Msimu wa mabibo uwanja wote ulinuka utamu uliochacha, nzi wakawa wazito kama waliolewa. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu Shabani nilimpita mwaka mmoja, na kazi yetu sisi wawili ilikuwa kukaa kwenye dungu shambani kufukuza ngedere na nguruwe wa porini wasitumalizie muhogo.

Mwaka huo alipita mwalimu na daftari, anaandikisha watoto wa darasa la kwanza. Zamani hakukuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuonyesha. Mtoto alisimama mbele ya mwalimu, akapitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili basi umri umetimia. Mimi niligusa, nikalishika sikio lenyewe nikalivuta. Shabani alijikunja shingo kama kuku anayekunywa maji, vidole vikaishia kwenye nywele. Mwalimu akacheka. Akasema darasa ni dogo, madawati machache, mwaka huu kila nyumba itoe mtoto mmoja. Akaandika jina langu. Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi. Baba alimtazama Shabani, kisha akaenda kunoa panga lililokuwa limeshanolewa.

Basi lishikeni hilo. Jina langu lilikuwa kwenye daftari.

Baba wakati huo alikuwa kibarua wa Mfaransa mmoja mpima ardhi aliyepanga nyumba huku Kongowe. Alishika mnyororo wa kupimia, akapigilia vigingi ardhini. Yule mzungu watu walimwita Bwana Mpima, na mkewe Madamu. Madamu alikuwa na mtoto mchanga mwenye kilio kama cha paka, akataka msichana wa kumbembeleza miezi michache, mpaka watakapokwenda likizo kwao. Baba akanileta mimi. Shule itakapofunguliwa, nitarudi Kisarawe kusoma. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, na mama alisikia.

Nyumba ile ilinuka kahawa. Kahawa yao nyeusi kama lami, wanaiunguza hasa, na mpaka leo nikiisikia harufu yake roho yangu inasimama. Jioni Madamu alikunjua ramani barazani, akaikandamiza pembe tatu kwa mawe, ya nne nikaikandamiza mimi kwa mguu huku mtoto mgongoni. Alikuwa na penseli nyekundu. Likizo yao ilikuwa hivi: kwanza wakae kwa mama yake mpaka baridi ipungue, kisha wachukue kigari cha babake chenye paa la turubai, wazunguke vijijini wakiongea na miti. Anachora mstari, anasimama, anatia duara. Hapa kuna mto. Hapa kuna jibini inayonuka kama soksi, lakini tamu. Hapa mawe ya nyumba yana rangi ya asali. Hapa tutakula mkate kando ya barabara, chini, juu ya nguo, kama watu wa shamba.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza.

"Huku mnakwenda kwa nani, Madamu?"

"Kwa hakuna mtu."

"Kuna msiba?"

"Hapana msiba."

"Harusi?"

Akacheka mpaka penseli ikamdondoka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kwetu mtu anasafiri kwa jambo: kafiwa, kaozesha, anauguza, anadai mpaka wa shamba. Kuzunguka vijiji kumi na kimoja ambavyo hakuna hata mmoja anayekujua, anayeweza kukuletea maji ya kuoga, niliona ni ukiwa. Nikawahurumia, wallahi. Nikajiona wananihitaji.

Na siku moja, bila mimi kuomba, Madamu akaniambia, "Na wewe kuja na sisi. Wewe kaa nyuma na mtoto." Akachora kiduara kidogo pembeni ya ramani, akatia macho na vishungi viwili vya nywele. Ndiye mimi huyo, niko garini.

Nikamwambia mimi gari hunitapisha. Akasema tutachukua kopo. Bwana Mpima naye akaitikia kutoka ndani, "Kopo kubwa!" Mambo ya kopo yakajadiliwa jioni nzima, litakaa wapi, nani atalimwaga. Sasa niambieni, mtu mzima anayejadili kopo lako la matapishi, utasemaje kwamba anatania?

Ijumaa iliyofuata baba alinirudisha Kisarawe kwa lori la mkaa. Nilitapika mara tatu, kila mara kwa furaha. Nikamweleza mama. Mama akamtazama baba, na baba akasema, "Kama anasafiri, akaage." Maneno hayo tu. Msiyasahau.

Kuaga kwetu si kupunga mkono. Ukishaaga umeondoka, hata kama mwili bado uko uani. Nilipita nyumba hadi nyumba, miguu mitupu, nimepakwa mafuta ya nazi mpaka vumbi likanishika kama unga. Bibi mzaa baba alinisimamisha kizingitini, akajaza maji mdomoni akanipulizia usoni na kifuani, akasema niende kwa heri na nirudi kwa heri, na wanaonitakia mabaya miguu yao iliwe na funza. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaniombea dua. Mjomba akatoa kuku. Mama mkubwa akavua kanga aliyokuwa amejifunga juu, bado ina joto lake na harufu ya moshi, akanifunga kiunoni.

"Huko usile kitu kabla hujauliza ni nini," akasema. "Na wakikuuliza kwenu wapi, usiseme Dar es Salaam kama waongo wengine. Sema Kisarawe."

Jumatatu yake baba akapanda kwenda kwa mwalimu. Akamwambia huyu msichana anasafiri na wazungu, andika mdogo wake. Mwalimu akafuta, akaandika. Safari hii mkono wa Shabani haukupimwa. Mimi nilikuwapo, nimekaa kwenye mzizi nje ya darasa, namenya muwa. Nikamcheka Shabani, eti yeye atakaa kwenye dawati wakati mimi nitakaa kwenye gari la paa la turubai.

Siku ya kuondoka nilikuwa barazani kwa Madamu tangu jua halijachomoza vizuri. Nina furushi langu, nina kanga ya mama mkubwa, nina kopo. Kopo nililipata mwenyewe, la maziwa ya unga, nikalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Baba alikuwa anapakia masanduku na kukaza kamba juu ya gari la Bwana Mpima. Alikaza fundo moja muda mrefu sana.

Madamu alitoka na mtoto. Aliponiona na furushi akasimama. Akamtazama baba, akasema maneno ya haraka, Kiswahili na Kifaransa vimegongana, sikuyashika. Baba alijibu akiangalia kamba. Kisha Madamu akapiga magoti mbele yangu, nguo yake nzuri ile kwenye vumbi, akanibusu huku na huku, akanipa ile penseli nyekundu. Alikuwa analia. Akaingia garini, mlango ukafungwa. Nilikwenda mlango wa nyuma. Nilidhani wamesahau kunifungulia. Nikagonga kioo kwa kopo.

Gari likaondoka.

Kurudi nyumbani ukiwa umeshaagwa, Mungu asikuonjeshe. Watoto wa jirani walinipokea kwenye njia ya kisima, "Mfaransa huyoo! Ulaya umefika saa ngapi, ukageuza saa ngapi? Mbona hujanenepa?" Kesho yake mama mkubwa akaja, hakukaa hata kwenye kigoda. "Naomba kanga yangu, maana hukusafiri." Nikaivua. Kuku wa mjomba alikuwa ameshaliwa, hilo likabaki maneno ya chini chini mpaka mjomba anakufa. Bibi peke yake ndiye aliyenyamaza. Alimtazama mwanawe, yaani baba yangu, akatema mate pembeni, akaingia ndani. Nilidhani anatema kwa ajili ya wazungu.

Mimi nililia. Nililia mto, nililia mkate wa kula kando ya barabara, nililia hata ile jibini ya kunuka soksi. Mama ananipikia bada, ugali wetu wa muhogo, sitoi shukrani, nalia. Shabani akaanza shule na penseli yangu nyekundu, maana mimi sikuwa na kazi nayo, na mimi nikarudi kwenye dungu kupigia ngedere debe. Mwaka uliofuata mwalimu alipopita tena mama alikuwa na mtoto mchanga, akatakiwa mtu wa kumbeba. Mwaka wa pili wake nilikuwa nimeanza kuota kifua. Basi, ikaisha. Kusoma nimekuja kusoma ngumbaru, nina mimba ya kwanza, naandika "a" kubwa kama mlango.

Kabla ya hapo mume wangu alikuwa kibarua Tanga, akinitumia barua. Aliyenisomea ni Shabani. Kila akifika penye maneno matamu alikohoa, akaruka, akasema, "Hapa kakusalimia tu, dada." Simlaumu Shabani. Alikuwa mtoto, kavutwa na yeye. Lakini niambieni ni haki gani hiyo, mtu akuibie daftari halafu akuchujie mume.

Miaka yote hiyo nilimlaani Madamu. Nilipigilia msumari kila nilipokumbuka. Niliwaambia wanangu, mzungu akikuahidi, hesabu vidole vyako. Hasira yangu nikaipeleka Ulaya ikakae huko.

Baba alipofariki, baada ya arobaini, nilikuwa uani na mama tunapukuchua kunde. Nikamtaja Madamu kwa ubaya, kama kawaida yangu. Mama hakuinua macho.

"Muache yule mwanamke," akasema. "Alitaka kweli mwanzoni, mumewe akamkataza. Bwana Mpima alimwambia baba yako huko porini, mbele ya wenzake. Mwambie binti yako asijiandae, hatuwezi kumchukua. Mwambie mapema asije akalia."

"Lini?"

"Kabla hujaaga."

Kunde zikanimwagika. Kabla sijaaga. Kabla bibi hajanipulizia maji, kabla baba hajapanda kwa mwalimu. Alijua, ndipo akasema akaage.

"Na wewe mama ulijua?"

"Aliniambia usiku ule ule mliporudi na lori."

"Ukanyamaza."

"Mwanamume kashasema, mimi ningesema nini?"

"Ungesema, 'Mwanangu, huendi.' Maneno mawili!"

Mama akaokota kunde moja moja, na mpaka nilipomzika hakunijibu. Sikumsamehe na sitaki mniambie nimsamehe. Alipiga kigelegele kwa jina langu, halafu akakaa kimya likifutwa.

Sasa mimi ni mtu mzima, na naielewa vizuri kazi ya baba, kama mtu anavyoelewa fundo baada ya kulifungua. Alimtaka mtoto wa kiume asome. Angeweza kusema hivyo, ni babangu, ningelia na ningeshika maneno yake. Lakini angeniambia shule nimekunyima, ningejua kuna kitu kinaitwa shule na nimenyimwa, na pengine ningekidai. Kwa hiyo akaniacha nidai kitu kingine. Nikalilia kigari cha paa la turubai mwezi mzima, sauti imekauka, baba amekaa pale pale mbele ya mlango ananisikia, anakunywa uji wake. Shule sikuililia hata siku moja.