Kaseti ya Kwenda Lubumbashi

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa karibuni, naishi mtaa wa Buyenzi kwa wakwe zangu. Mume wangu Hamisi, fundi wa magari, alikuwa amefuata kazi Lubumbashi, nchi ya jirani. Simu hatukuwa nayo. Barua tuliandikiana, lakini yeye alichoka kunisoma, alitaka kunisikia. Akanitumia kaseti tupu kwa mkono wa dereva mmoja wa lori, na kikaratasi: "Ongea tu."

Nikaazima redio-kaseti ya jirani, nikabonyeza kitufe, nikaanza. Mara mtoto wetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, akacheka. Mabukwe, mama yake Hamisi, akaniita niangalie maharage. Nikaitika, nikasahau nilipofika, nikasema, "Hamisi, mi nimechoka kukungoja," sauti ikanikatika.

Nilipoisikiliza nikaona haya. Nilikuwa nimesoma, mwanangu, na nilijivunia kusema vizuri. Nikairudisha kaseti nyuma. Nikaandika maneno kwenye daftari, nikafunga mlango, nikayasoma juu ya yale ya kwanza, yakanyooka kama taarifa ya habari.

Mabukwe alikuwa nje ya mlango.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Nimeifuta, mama. Ilikuwa na makelele."

"Makelele? We mutoto, ile ni nyumba yake! Mutu iko mbali, unamunyima hata kusikia nyumba yake?"

Moyoni nikasema, huyu mama hajui mambo ya mashine.

Nikampa dereva ile kaseti iliyonyooka, na jibu la Hamisi, kwa barua, likachukua miezi. "Asha, nimesikia mutu anasoma. We ulikuwa wapi? Na mutoto, sauti yake iko namna gani? Tuma ingine."

Nikanunua kaseti nyingine, nikaiweka kabatini, nangoja siku nyumba itulie. Ubishi wangu tu huo, mwanangu. Nyumba yenye mtoto haitulii. Wiki zikapita, kisha yule dereva akaja akiwa amebeba begi la Hamisi. Homa ilikuwa imemchukua kwa siku nne, wakamzika kulekule.

Mabukwe hakunilaumu hata mara moja. Angenilaumu, labda ningepumua.

Tangu hapo nimeona mengi. Nimeona vibanda vya simu, watu wamepanga mstari kusema dakika mbili. Nimeona simu za mkononi, na sasa nakuona wewe hapa mtaani Kinanira unaongea na mumeo aliye Kanada, uso wake uko mbele yako. Kila kitu kipya kinapokuja namuwaza Hamisi. Yeye mwenyewe hakuwahi kurekodiwa. Maneno yake bado ninayo, lakini sauti yake imenitoka. Naitafuta nikiwa nafua, nikiwa naswali, siipati.

Jana umemrekodia mumeo ujumbe, ukaufuta mara tatu, eti umekohoa, eti watoto wanagombana. Mwanangu, usiufute. Mtumie kikohozi chako na ugomvi wa watoto wake. Kama umemkumbuka, mwambie leo, hata ukilia katikati. Na yeye akikutumia sauti, iweke. Usiseme utasikia nyingine kesho.

Mungu asikuonjeshe kimya nilichokionja mimi. Awalinde wale unaowaita, na kila ukiita, uitikiwe.