Tetea Aliyenionjea Chakula

Kazi yangu ni kupima damu. Katika zahanati yetu ya kijiji, upande wa Ruaruke, mimi ndiye ninayekaa nyuma ya hadubini na kumwambia mtu kama ana malaria au hana. Kila Jumatano, kina mama wakishapimisha watoto uzito, napewa robo saa barazani niseme nao kuhusu maji, choo na imani potofu. Kwenye imani potofu ndipo nilipokuwa nawaka kweli. "Ugonjwa hauletwi na jicho la mtu," nawaambia. "Unaletwa na vijidudu, na mimi navionea humu ndani kila siku." Wanaitikia vizuri. Mwaka wangu wa kwanza pale, nikishamaliza kusema hayo, nilikuwa narudi nyumbani kumlisha kuku chakula cha jirani ili nione kama atakufa.

Kwetu ni Njombe, kwenye baridi na viazi. Barua ya kupangiwa kazi Kibiti ilipotoka, ukoo mzima uligeuka kuwa wataalamu wa Pwani, ingawa aliyewahi kuiona bahari ni mjomba mmoja tu, naye alikwenda mara moja kwenye msiba. Stendi, mama yangu alinishika mkono akauminya. "Mwanangu, huko usile kitu cha mtu. Watu wa huko wanajua mambo." Mambo gani, hakusema. Nilimcheka, nikamwambia mimi ni mtu wa sayansi, nikapanda basi. Nafikiri yale maneno nayo yalipanda, yakakaa siti ya dirishani.

Nyumba niliyopanga ilitazamana na ya mama mmoja mtu mzima, mjane, mkulima wa mpunga bondeni. Akiwa hana kazi shambani alishinda barazani akisuka ukili wa mikeka, bata wake wanne wakimzunguka miguuni. Siku ya tatu tu tangu nihamie, saa kumi alasiri, nikasikia hodi. Alikuwa ameshika bakuli la bati lenye maua mekundu, juu yake kawa, kile kifuniko cha ukindu cha kufunikia chakula.

"Dokta, nimepika kidogo. Nawe uonje."

Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafunga mlango. Kilikuwa kisamvu cha nazi, ndani yake kamba wakavu. Nikakiweka mezani, nikakikodolea macho. Huyu mama hanijui. Jina langu lenyewe hajaliuliza. Mtu asiyekujua anakupikia kwa sababu gani? Halafu mbona amekifunika? Kwetu chakula kinafunikwa kwa sahani, na kila mtu anajua ni sahani. Hili la kukivalisha chakula kofia lilinitia mashaka makubwa.

Siku hiyo nilikimwaga nyuma ya choo. Cha kesho yake vilevile. Cha siku ya tatu roho ikaniuma, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi hata kwa mwoga, basi gulio lilipofika nikaenda nikanunua tetea mwekundu, mwembamba, shingo haina manyoya. Watu niliwaambia nataka mayai. Nilichokuwa nakitaka ni mwonjaji.

Nilifanya kazi kwa utaratibu, maana nimeisomea. Bakuli likiletwa, nachota fungu dogo, namwekea tetea nyuma ya nyumba, nageuza ndoo nakalia, naangalia saa yangu ya mkononi. Saa nzima. Naangalia macho yake, mwendo wake, hata kinyesi chake. Kisha naandika kwenye daftari: "Mhogo wa nazi. Kuku mzima." "Wali na perege. Kuku mzima, anataka tena." Saa ikiisha namwagia chote kilichobaki, kwa sababu kufikia hapo swali jipya limekwisha kunijia: labda dawa yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya kuku.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa mtu mwenye shaka. Kuku angekufa, ningesema nimeokoka. Kwa kuwa hakufa, nikasema yule mama ni hodari kuliko nilivyodhani.

Mimi nilikula ugali wangu mwenyewe, wenye madonge, kwa dagaa walioungulia. Siku za uvivu nilikula biskuti na chai ya rangi. Nakaa ndani natafuna, nje tetea anadonoa wali wa nazi, na harufu ya tui inapita dirishani kama inanitafuta. Kuna siku nilimwonea kuku wivu mpaka nikamrushia kandambili. Alihama kidogo, akaendelea kula.

Muuguzi wetu pale zahanati, mtu wa hukohuko, alinifundisha kwamba bakuli la jirani halirudishwi tupu. Nikawa nalirudisha na ndizi mbivu au pakiti ya majani ya chai. Mama akilipokea huniuliza swali moja: "Ulikionaje?"

"Kitamu mno, mama. Nimelamba vidole."

Nilikuwa naisema hiyo bila kupepesa macho. Siku moja zilikuwa kunde, na alipopokea bakuli lake aliongeza swali: "Chumvi je, dokta? Mie siku hizi mkono wangu umepoteza kipimo."

"Chumvi imekaa sawasawa, mama."

Akanitazama. Akanitazama muda mrefu, kwa utulivu, kama mimi ninavyotazama kioo chenye tone la damu. "Haya, baba," akasema, akaingia ndani. Jicho lile lilininyima raha wiki nzima. Niliamini anachunguza kama dawa yake imeanza kufanya kazi.

Na kweli kulikuwa na mtu aliyeanza kubadilika. Baada ya miezi mitatu tetea alikuwa hatambuliki. Shingo imeota manyoya, yanang'aa, na mwili umekuwa mzito hata kuruka kizingiti ni shughuli. Lakini lililonitisha ni jambo jingine. Saa kumi ikikaribia aliacha kila alichokuwa anafanya, akavuka njia, akasimama mlangoni kwa yule mama na shingo ameinyoosha. Nikimwita hageuki. Mimi niliyemnunua, mimi niliyemjengea banda, hanijui! Nikasema hili ni limbwata. Kuku wangu amelishwa limbwata, na kama si akili zangu, leo mimi ndiye ningekuwa nimesimama pale mlangoni na shingo imenyooka. Hilo nalo niliandika daftarini, kisha nikalifuta haraka, maana daftari lilikuwa la zahanati.

Jumatano ilipofika nikasema kuhusu imani potofu kama kawaida. Yule mama alikuja kumsindikiza binti wa ndugu yake na mtoto, akakaa benchi la mbele akisuka ukili wake. "Kweli kabisa, dokta," alikuwa anaitikia. Nikashuku hata kuitikia kwake.

Masika yakaingia. Barabara ya kwetu ikawa tope tupu, pikipiki zikagoma, na muuguzi wetu alikuwa amekwama Kibiti kwenye semina. Wiki hiyohiyo homa ikanishika. Nilijichoma kidole mwenyewe, nikajitazama mwenyewe kwenye hadubini, nikakuta vijidudu vimejaa. Nikameza dawa, nikatandika mkeka barazani, nikalala. Siku mbili sikutia kitu tumboni zaidi ya maji. Waliopita njiani walinipa pole, nikawaitikia, wakaenda zao kwenye shughuli zao.

Mtu akilala hivyo anafikiri mengi. Nilijiuliza ni nani katika kijiji kile atakayejua haraka kwamba sijaamka. Nikatafuta, nikatafuta, nikampata mtu mmoja tu. Naye ndiye niliyekuwa namwandika daftarini.

Siku ya tatu alikuja. Sikusikia hodi, nilisikia kandambili zake kwenye matope. Alikuwa na lile bakuli la maua mekundu, safari hii uji wa mchele wa tui. "Pole, baba. Juzi na jana nilikuwa bondeni, sikujua," akasema, akachuchumaa karibu na kichwa changu, akaliweka bakuli chini.

Kabla hajafunua, tetea akatokea. Alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, mabawa wazi, akatua katikati yetu, akaanza kulidonoa kawa kwa fujo. "Shii!" mama akamfukuza. Hakwenda. Akamsukuma kwa mkono, akarudi. Akasimama mbele ya bakuli, kifua mbele, ananitazama mimi kwa hasira, mimi, mtu anayetaka kumlia fungu lake.

Mama akaacha kumfukuza. Akamtazama kuku, mnene, manyoya yanameta. Akanitazama mimi na mbavu zangu. Nilitamani homa inizidie pale pale nipoteze fahamu. Haikunisaidia, ndiyo kwanza ilikuwa inashuka.

Alifunua kawa, akachukua kijiko, akakoroga, akanywa kijiko kimoja. Akameza huku nikimwona. Akanywa cha pili. Kisha akakifuta kijiko kwa ncha ya kanga yake, akanipa.

Nilikunywa uji ule wote. Nilikuwa nalia, na nilikuwa tayari kuisingizia homa kama angeniuliza, lakini hakuniuliza. Ulikuwa na tui zito na iliki kidogo, na nilipofikiri kwamba kwa miezi yote ile vitu vya namna hii nilimpa kuku, aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Umejua tangu lini, mama?" nikamwuliza nikiwa nimeinamia bakuli.

"Tangu kunde. Zile kunde sikutia chumvi hata chembe. Nilikuwa n'shaona kuku anavyonona na weye unavyokonda, nikasema ngoja nimpime huyu. Ati mpimaji ni weye peke yako?"

"Na bado ukaendelea kuniletea?"

"Nilisema kuku asipokufa siku nyingi, hata mtu wa bara atafahamu."

Akachukua bakuli lake, safari hii tupu, akaondoka. Nilizisikiliza kandambili zake mpaka ng'ambo ya njia.

Nikapona. Siku ya kwanza ya kurudi kazini, saa kumi ikafika bila hodi. Ya pili vilevile. Tetea alikuwa anavuka njia kwa wakati wake, anasimama mlangoni kule, anangoja, anarudi taratibu. Nilikuwa namwangalia kutoka dirishani na ninajua anavyojisikia. Mama alikuwepo, nilimwona akisuka, alinipungia mkono, salamu zangu aliziitikia zote. Bakuli tu ndilo halikuja. Na mimi, niliyeogopa sumu karibu mwaka mzima, sasa niliogopa zaidi kwamba yule mama amechoka nami. Mtu pekee aliyekuwa anajua kama nimekula au sijala, nimempoteza kwa ajili ya kuku.

Siku ya tano nikaazima mbuzi ya kukunia nazi kwa muuguzi, nikakuna nazi pamoja na ngozi ya kidole changu. Nikapika wali na maharage ya nazi. Wali uliungua chini na juu ukabaki mbichi kidogo, nikaufunika, nikauombea dua, ukakaa sawa kwa kiasi fulani. Kuonja sikuonja. Nilikuwa nimezoea kuonjewa. Nikatia kwenye bakuli langu la plastiki, nikafunika kwa sahani, nikavuka njia, tetea nyuma yangu.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimepika kidogo. Nawe uonje."

Akaweka ukili wake pembeni. Akaondoa sahani, akanusa. Akanitazama. Kisha akachota wali kidogo kwa vidole vitatu, maharage juu yake, akamtupia bata aliyekuwa karibu.

Bata akameza. Akatikisa mkia.

"Weye ulikuwa unangoja muda gani?" mama akaniuliza.

"Saa nzima, mama."

"Basi," akasema. Akafunika bakuli, akachukua ukili wake, akaendelea kusuka.

Tulikaa. Alisuka bila haraka. Bata alikwenda kwenye dimbwi, akanywa maji, akarudi, na kila alipojikwaa au kutikisa kichwa moyo wangu ulinidunda, kana kwamba kweli nimetia kitu mle. Watu walipita wakatusalimu. Mmoja akauliza tunangoja nini, mama akamjibu, "Tunamwangalia bata." Sijawahi kuona saa moja ndefu kiasi kile, na mimi ni mtu niliyekalia ndoo jioni nyingi. Kila mara nilifikiri sasa atacheka, atasema yamekwisha, tule. Hakucheka. Alinifanya niingoje yote.

Jua lilipofika usawa wa paa la zahanati, akamtazama bata kwa mara ya mwisho, akaenda kunawa, akaniletea na mimi maji ya kunawa. Akakaa, akasema bismillahi, akafinya tonge, akala. Alitafuna polepole, uso wake umetulia, nami nikamtazama mdomo nikisubiri hukumu.

"Unakionaje, mama?"

"Kitamu," akasema. "Chumvi imekaa sawasawa."

Nikachukua tonge, nikatia mdomoni. Sikuwa nimetia chumvi hata chembe.