Namba ya Mama Mkwe

Kosa la kwanza nalibeba mwenyewe. Siku niliyopimwa saratani ya mlango wa kizazi, simu yangu ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka, nikaandikisha namba ya mama mkwe. Tunaishi nyumba moja Chamazi, tunakula sufuria moja. Nikaona namba yake ni yangu.

Hospitali wakapiga. Mie nilikuwa hapo hapo uani nafua nguo za mwanangu. Mama mkwe akaingia na simu chumbani, akatoka, akaniuliza kama unga wa maandazi umeumuka.

Alikaa na ile habari wiki saba, kwa sababu wifi yangu alikuwa anaolewa, na kwao ugonjwa hautajwi mpaka shughuli iishe. Nikapakwa hina. Nikapakulia watu pilau. Kungwi wa bibi harusi alikuwa anajua, mie sijui.

Nesi alipopiga mara ya tatu mama mkwe alikuwa anaswali, nikapokea.

"Ni wewe mwenyewe?" nesi akauliza. "Mbona tuliambiwa umesafiri?" Akanieleza kipimo changu kilionyesha seli zilizobadilika, wiki saba wananitafuta nirudi.

Nikasubiri mama mkwe atoe salamu. "Mama, mie nilisafiri kwenda wapi?"

Akakunja mswala polepole. "Ningekwambia, mwanangu. Nikasema shughuli ipite kwanza. Ungelia, watu wangesema tumeingiza mkosi."

"Na ningekufa?"

"Hufi kwa wiki saba. Una mdomo wewe."

Hospitali alinifuata, sikumwita. Daktari alikuwa dada wa rika langu. Nikamwambia anipake siki tu, kama shoga yangu alivyopimwa akaambiwa yuko safi, nirudi nikanyonyeshe.

"Siki inanionyesha kwa nje," akasema. "Seli zako zilizobadilika ni za tezi, zinaweza kuwa zimejificha juu, ndani ya njia ya mlango wa kizazi. Siki itasema uko salama na isiwe kweli. Nitaangalia kwa darubini, nichukue kinyama kidogo humo ndani. Unatokwa damu isiyo ya siku zako?"

Nilikuwa natokwa. Nilidhani ni sindano ya uzazi wa mpango.

"Basi nitachukua na kwenye mfuko wa uzazi."

"Ni kansa?"

"Sijui. Inaweza isiwe. Lakini hili si jambo la kukaa nalo."

Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa anatazama sakafu, anazungusha bangili yake. Nilitaka aseme kitu nimjibu.

Kiliniuma kile kipimo, asikudanganye mtu. Maumivu kama ya uchungu wa kuzaa unapoanza, na mwisho wake hakuna mtoto. Nilikaza macho kwenye taa nikahesabu miezi ya mwanangu: minane. Hata kutembea bado.

Tulipotoka, nesi wa dirishani akafungua faili. "Majibu wiki mbili. Namba ni ile ile?"

Mama mkwe alishatoa simu kwenye mkoba, kwa mazoea.

"Futa," nikamwambia nesi. Simu yangu ilishatoka kwa fundi; nikataja namba yangu, tarakimu moja moja, nikamwambia anisomee. Nikamwambia anisomee tena. Foleni nyuma yangu ikaguna, nikaiacha igune.

Leo ni siku ya tisa. Simu naenda nayo mpaka chooni. Kila asubuhi mama mkwe anasimama mlangoni kwangu na kanga yake begani. "Mwanangu, wamepiga?"

Namwuliza kama unga umeumuka.